Jinsi ya kuchagua testa ya vipimo vingi kwa kazi za nyumba na biashara ndogo mkoani Tabora

Ukiingia katika duka la vifaa vya umeme mjini Tabora ukaomba testa, muuzaji atakuletea bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Kifaa kinachozungumziwa hapa ni kingine kabisa: ni mita moja ambayo ndani yake kuna kazi za vifaa vitano au sita, yaani kupima mwendelezo wa waya (kama haujakatika njiani), uhami (kama ganda la waya halivujishi umeme), ukinzani wa kitanzi (njia nzima ya umeme ya kwenda na kurudi kwenye transfoma), breka ya uvujaji (inayokata umeme unapovuja), ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja), na kwa nyingi kati yake mfuatano wa fezi tatu. Mafundi wengi wanaimudu kazi kwa multimita na klampu mita, na kwa kutafuta hitilafu vifaa hivyo vinatosha. Havitoshi pale fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, anapotakiwa kuthibitisha kwamba nyumba ni salama kabla ya kukabidhi kazi, kwa sababu multimita hupima waya kwa volti chache za betri yake, ilhali waya wenye kihami kilichochubuka huweza kuonekana mzima kwa volti hizo na kuvuja pale tu unapowekewa volti 500.

Vijitabu vya wauzaji huanza na ukubwa wa kioo na idadi ya vitufe. Kwa fundi wa Tabora ningeshauri aanze na udongo. Nyumba nyingi za huku hutegemea ethi rodi, yaani fimbo ya metali iliyochimbiwa nyuma ya nyumba yenyewe, na udongo wa kichanga unaokauka tangu Mei hadi Oktoba si rafiki wa rodi hiyo. Chukua rodi yenye ukinzani wa omu 40, ambayo si mbaya kwa viwango vya huku. Laini, yaani waya wenye moto, ikigusa bodi ya friji, mkondo utakaokwenda ardhini hautazidi ampea 5.75, yaani volti 230 gawanya kwa 40. Breka ya ampea 16 haitashtuka hata kidogo, na bodi ya friji itabaki na karibu volti zote za laini ikimsubiri mtu wa kuishika. Kinachomwokoa mtu katika nyumba kama hiyo ni breka ya uvujaji, ile iliyoandikwa RCD au RCCB, ikishirikiana na rodi. Kwa hiyo testa isiyoweza kupima vizuri vitu hivyo viwili, hata iwe na sifa nyingine zote, haikutengenezwa kwa ajili ya kazi zako.

Kanuni yenyewe ni rahisi: ukinzani wa ethi ukizidishwa kwa mkondo unaokatisha RCD usizidi volti 50. Kwa RCD ya miliampea 30 kikomo kinakuwa omu 1,667, na kwa ile ya miliampea 100 ni omu 500. Namba hizo zinamdanganya fundi mvivu, kwani rodi inayosoma omu 400 mwezi Februari, ardhi ikiwa imelowa, yaweza kusoma mara kadhaa ya hapo mwezi Septemba. Mwongozo wa Uingereza huonya kwamba rodi inayozidi omu 200 huenda isiwe tulivu, na onyo hilo linafaa zaidi huku kuliko huko kwenye mvua za mwaka mzima.

Hapo ndipo testa nyingi za bei ya chini hushindwa, na hapo ndipo nilipokosea mwenyewe mara ya kwanza, nikanunua iliyokuwa na kila kitu isipokuwa matundu ya kuchomekea vigingi vya ethi. Tafuta inayopima ethi kwa vigingi viwili vya ziada. Kigingi cha mkondo hukaa mbali, tuseme mita 30 kutoka kwenye rodi, na kile cha volteji hukaa kwenye mstari huohuo katika asilimia 62 ya umbali, yaani kwenye mita 18.6. Kisha kigingi cha volteji husogezwa mita tatu mbele na tatu nyuma, na masomo matatu yakikaribiana unaweza kuyaamini. Katika udongo mkavu vigingi vyenyewe huwa na ukinzani mkubwa kiasi cha kuharibu kipimo, hivyo chagua testa inayokuonyesha ukinzani wa vigingi au angalau inayotoa onyo. Dawa yake ni kumwaga maji kwenye vigingi vya ziada. Usimwage kwenye rodi unayoipima, maana utakuwa unapima ndoo yako ya maji. Na kabla ya kufungua waya wa ethi kutoka kwenye rodi, zima mein swichi, kwa kuwa kuanzia wakati huo nyumba haina ulinzi.

Katikati ya mji, ambako ua umesakafiwa kwa saruji hadi ukutani, vigingi havina pa kuingia. Hapo testa hutumia kipimo cha kitanzi kati ya laini na ethi: jibu linajumlisha ethi ya transfoma na waya za njiani, kwa hiyo litakuwa juu kidogo ya ukinzani halisi wa rodi, jambo ambalo kwa usalama halina madhara.

Kwa upande wa RCD, hakikisha testa inafanya jaribio la nusu ya mkondo, ambapo breka haipaswi kukata, jaribio la mkondo kamili, ambapo breka ya kawaida inapaswa kukata ndani ya milisekunde 300, na la mara tano, ambapo inapaswa kukata ndani ya milisekunde 40, yote yakianza kwenye upande chanya wa wimbi na kisha upande hasi. Jaribio la kupandisha mkondo taratibu lina thamani yake pia, kwa sababu RCD ya miliampea 30 inayokata kwenye miliampea 17 baada ya kuunganishwa nyumba nzima yaweza kuwa inakueleza kwamba kuna kifaa kinachovuja, wala si breka mbovu. Kitufe cha majaribio ya mfululizo si anasa: bila hicho utatembea kutoka kwenye soketi hadi kwenye bodi ya breka mara tano au sita kwa kila RCD. Angalia pia aina za RCD inazozijua, ambazo hutofautiana kwa aina ya mkondo wa uvujaji zinaoutambua. Aina za AC na A zinatosha kwa nyumba za kawaida. Aina B inahitajika ukifunga pampu zenye vidhibiti vya kasi au baadhi ya inveta za sola, na testa inayoipima huwa ghali zaidi, kwa hiyo usiilipie kama kazi hizo huna.

Kipimo cha uhami, ambacho mafundi wakongwe bado wanakiita mega, kiwe na volti 250, 500 na 1,000. Saketi za volti 230 hupimwa kwa volti 500 na zinapaswa kusoma si chini ya megaomu 1, ingawa nyumba mpya inayosoma megaomu 1 tu ni nyumba ya kutilia shaka. Balbu za LED na vifaa vya kuzuia radi vilivyofungwa kwenye bodi hushusha kipimo au kuharibiwa nacho, hivyo viondoe kwanza, au kama kizuia radi hakiondoki, tumia volti 250. Fluke 1664 FC ina uwezo wa kugundua kifaa kilichoachwa kwenye soketi kabla ya kupeleka volti hizo, na ukifanya kazi katika nyumba ambazo watu tayari wameshahamia, utauthamini.

Kitanzi cha laini na nyutro kina maana yake hata pale ambapo ethi ni ya rodi. Breka ya C20, yaani ya ampea 20 ya aina C, huhitaji ampea 200 ili ikate papo hapo, maana yake kitanzi kisizidi omu 1.15, na mwisho wa laini ndefu ya kijijini, mbali na transfoma, namba hiyo haipatikani kirahisi. Breka ya B20, inayoridhika na ampea 100, yaweza kuwa jibu. Testa iwe na kipimo cha kitanzi cha laini na ethi kisichokatisha RCD, la sivyo utazima duka zima kila unapogusa kitufe.

Mwendelezo wa waya hupimwa kwa angalau miliampea 200, na testa iweze kuondoa ukinzani wa nyaya zake kwa kubonyeza mara moja. Mfuatano wa fezi ni jambo la sekunde chache, ila ukifunga mota ya mashine ya kusaga utashukuru kuujua kabla mota haijazunguka kinyume.

Kwenye bodi ya testa soma maandishi ya daraja la usalama (CAT), linaloonyesha ni sehemu gani ya mfumo wa umeme kifaa kinaweza kutumika salama. CAT III inafaa kwa bodi ya breka. Karibu na mita ya LUKU unahitaji CAT IV ya volti 300. Lakiri ya mita si yako kuigusa, vipimo vyako vianzie upande wa mteja.

Megger, Fluke, Metrel ya Slovenia, Sonel ya Poland na Kyoritsu ya Japani zote hutengeneza vifaa vya kuaminika, na bei zake huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Kwa fedha hizo, omba cheti cha ulinganishaji, yaani uthibitisho kwamba kifaa kinasoma sawasawa, chenye namba ileile iliyo kwenye kifaa. Uliza plagi: zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya bara huja na plagi ya pini mbili za mviringo, nayo haiingii katika soketi zetu za pini tatu za mraba. Chagua inayotumia betri za kawaida za AA, zinazopatikana hata Sikonge, badala ya betri maalumu ya kuagizwa. Ulinganishaji hufanywa kila mwaka, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) wana maabara ya kazi hiyo Dar es Salaam. Kati ya safari hizo, weka nyumbani rezista mbili au tatu za thamani unayoijua na uzipime kila mwezi, ukiandika masomo kwenye daftari. Bluetooth na kumbukumbu ya ndani ziache, isipokuwa una mteja, kama vile nyumba ya wageni au shule, anayetaka taarifa ya maandishi kwa kila saketi.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu kupima RCD ya dukani kwake na kugusanisha nyaya za testa kwenye kipimo cha mwendelezo. Baada ya kuondoa ukinzani wa nyaya, kioo kisome omu 0.00 au karibu sana na hapo; kikicheza juu na chini kila unapotikisa waya, mrudishie.