Shamba lina asidi? Kabla ya kuongeza mbolea ya DAP, weka chokaa

Wakulima wa Kakamega, Trans Nzoia na Uasin Gishu hii hali mnaijua, mahindi yanaota vizuri halafu yakianza kupanda majani yanageuka zambarau, unaongeza DAP, msimu ujao unaongeza tena na magunia ndio hayo yanazidi kupungua. Ng'oa mmea mmoja uangalie mizizi. Ukikuta mifupi, minene, ncha zimevimba, kuna uwezekano mkubwa pH imeshuka (pH ni kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi). Ikiwa chini ya 5.5 hivi, aluminiamu ya udongo inaanza kuyeyuka na kuharibu mizizi, na ile fosforasi uliyonunua ndani ya DAP inanaswa na udongo, mmea unaisikia tu. Na DAP yenyewe inachangia, amonia yake ikigeuzwa na vijidudu kuwa naitreti inaacha asidi nyuma.

Sasa pH inapandishwa aje? Si kwa maji, hapa wengi hubisha. Chukua siki uongeze maji mara kumi, pH itapanda lakini haifiki hata pointi moja, asidi bado iko mle mle, imetawanyika tu. Shambani ni mbaya zaidi maana mvua nyingi inaosha kalsiamu na magnesiamu inaenda nazo chini.

Unataka kitu cha kuila hiyo asidi. Mwagia siki kwenye kijiko cha chokaa ya kilimo uone vile inatoa povu, ile ni gesi inatoka, na asidi inageuka maji. Udongoni ni kazi hiyo hiyo ila polepole, unga hauyeyuki upesi na asidi nyingi imejificha kwenye chembe za mfinyanzi, ukimaliza ya juu ingine inatoka. Ndio maana mashamba mawili yenye pH sawa yanaweza kutaka chokaa tofauti, mfinyanzi unakula zaidi ya mchanga. (Siki inasaidia pia kukagua gunia la agrovet, lakini dolomaiti, chokaa yenye magnesiamu, povu lake ni la pole, usigombane na mwenye duka haraka.)

Kiasi utaambiwa na vipimo, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo Kenya, wanapima udongo, chota sehemu nyingi za shamba, kina cha jembe, changanya, peleka kama nusu kilo. Wakikuambia tani 2 kwa hekta hiyo ni kama kilo 800 kwa ekari, magunia 16 ya kilo 50, yaani gramu 200 kwa kila mita moja mraba. Pima hiyo ya mita moja kwa mizani kwanza, utashangaa vile ni kidogo, wengi wanamwaga nyeupe tii mahali pamoja na kwingine hakuna kitu.

Nunua ya unga laini, mwaga siku isiyo na upepo, funika pua, kisha lima iingie sentimita 15 hadi 20. Ikikaa juu juu inasaidia pale juu tu. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya kupanda, na usiichanganye na DAP wala yurea kwa ndoo moja, naitrojeni itapotea hewani. Jivu la jikoni pia linapandisha pH, kwa bustani ya sukuma wiki ni sawa, ekari nzima utalitoa wapi.

Kwenye majani chai usiweke, chai inapenda asidi. Na viazi enda pole, pH ikipanda sana ngozi inaota ukoko na soko hawachukui.