Jinsi ya kukataa presha ya marafiki bila ugomvi

Presha huwa haiji na kelele, inakuja kama utani, "we mlokole bwana, onja tu kidogo", na ukianza kutafuta jibu hapo hapo ushachelewa. Kwa hiyo amua mapema ukiwa peke yako, kama Danieli wa kwenye Biblia, yeye aliazimu moyoni kwanza kutokula chakula cha mfalme, halafu akaomba kwa heshima yeye na wenzake wajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji, hakugombana na mtu. Jibu liwe fupi, "mi situmii", basi, ukijieleza sana wanapata pa kukushika. Rafiki wa kumchagua? Sikiliza anavyomsema asiyekuwepo, maana ukitoka na wewe utasemwa hivyo hivyo, na si kila anayeimba kwaya anafaa jamani. Wengine wasalimie, cheka nao, ila wakianza mipango yao we aga uondoke.