Jinsi ya kuyashika maneno yaliyo katikati ya tagi kwa JavaScript

Kurasa nyingi za bei za soko ninazoletewa hapa Kampala nizirekebishe zimeandikwa kwa mtindo mmoja: jina la soko limo ndani ya tagi, lakini bei yenyewe imeachwa nje, haina tagi wala darasa. Mwenye ukurasa anataka bei zikolezwe rangi, au zisomwe na kujumlishwa. Ukiingia kwenye CSS unakuta hakuna kiteuzi cha maneno yaliyo wazi namna hiyo. Basi kazi inahamia kwenye JavaScript.

Tutatumia mfano huu (bei ni za mazoezi tu):

```
<p id="bei">
  <b>Nakasero</b> Maharage 4,500 kwa kilo<br>

  <b>Owino</b> Maharage 4,000 kwa kilo<br>

  <b>Kalerwe</b> Maharage 3,800 <i>jumla</i> kwa kilo<br>

</p>
```

Hatua ya 1: Tazama kilichomo kweli

Fungua konsoli ya kivinjari, uandike:

```
var p = document.getElementById("bei");
Array.from(p.childNodes).forEach(function (n) {
  console.log(n.nodeType, n.nodeName, JSON.stringify(n.nodeValue));
});
```

Kila kitu ndani ya aya ni nodi. Namba 1 ni elementi, kama `B` na `BR`. Namba 3 ni maandishi. Utaona pia nodi za maandishi zisizo na neno lolote, zina `"\n  "` tu: hizo ni nafasi na mistari mipya uliyoiacha ulipokuwa unapanga HTML yako. Usiruke hatua hii. Anayeanza kwa kukisia kwamba mtoto wa kwanza wa aya ni `b` atapata nafasi tupu, kisha atahangaika kutafuta kosa mahali ambapo halipo.

Ndiyo maana `children` haifai hapa: inakupa elementi peke yake na kuyaacha maandishi nje. Vivyo hivyo `nextElementSibling` inayaruka. Tunachohitaji ni `childNodes` na `nextSibling`.

Hatua ya 2: Shika nodi na uibadilishe

```
p.querySelectorAll("b").forEach(function (b) {
  var n = b.nextSibling;
  if (n && n.nodeType === Node.TEXT_NODE) {
    n.nodeValue = n.nodeValue.replace("Maharage", "Maharage ya njano");
  }
});
```

Tunaanzia kwenye elementi tunayoijua, tunasogea hatua moja, tunahakikisha tumefika kwenye maandishi, ndipo tunabadilisha.

Hapa nina neno zito kidogo. Wengi wangeandika mstari mmoja tu: `p.innerHTML = p.innerHTML.replace(...)`. Unafanya kazi, na ndiyo hatari yake. Kivinjari kinabomoa kila kilichokuwa ndani ya aya na kukijenga upya kutoka kwenye maandishi ya HTML. Kitufe ulichokifunga kwa `addEventListener` kinabaki kuonekana lakini ukikibonyeza hakiitiki. Kisanduku ambacho muuzaji alikuwa ameshajaza kiasi cha kilo kinarudi kitupu. Tena `replace` haijui tofauti ya neno linalosomwa na neno lililo ndani ya `href`: neno likiwemo kwenye anwani ya kiungo, kiungo nacho kinaharibika. Mtu aliyejaza fomu kwa simu ndogo akiwa amesimama kibandani hastahili kuirudia kwa sababu tulikwepa mistari mitatu ya msimbo. `nodeValue` inagusa maandishi hayo tu, na jirani zake hawasikii kitu.

Hatua ya 3: Soma bei kama namba

Mistari ya hatua hii na ya 4 iweke ndani ya `if` ya hatua ya 2, na ya hatua ya 5 ndani ya `forEach` ile ile, maana `n` na `b` zinajulikana humo tu.

```
var m = n.nodeValue.match(/\d[\d,]*/);
var shilingi = m ? Number(m[0].replace(/,/g, "")) : null;
```

Mkato lazima utoke kwanza, kwani `Number("4,500")` inarudisha `NaN`, yaani "si namba".

Hatua ya 4: Ivishe bei tagi yake

Sasa tunataka `4,500` peke yake iwe ndani ya `span`. Kisu cha kazi hii ni `splitText`, kinachoikata nodi moja ya maandishi kuwa mbili:

```
var bei = n.splitText(m.index);
bei.splitText(m[0].length);
var s = document.createElement("span");
s.className = "bei";
bei.replaceWith(s);
s.appendChild(bei);
```

Ukataji wa kwanza unatenga kila kilicho kabla ya bei, wa pili unatenga kilicho baada yake. Weka mistari hii ndani ya `if (m)`, maana siku bidhaa ikiisha mtu ataandika "hakuna" badala ya bei. Kuanzia hapo CSS yako inaiona `.bei` kama elementi nyingine yoyote.

Hatua ya 5: Kukiwa na zaidi ya nodi moja

Mstari wa Kalerwe una `i` katikati, kwa hiyo `nextSibling` inakupa nusu ya habari. Ukitaka kila kilicho kati ya `b` na `br`, tumia Range, yaani kipande cha ukurasa ambacho mwanzo na mwisho wake unauweka wewe:

```
var br = b.nextSibling;
while (br && br.nodeName !== "BR") br = br.nextSibling;

if (br) {
  var r = document.createRange();
  r.setStartAfter(b);
  r.setEndBefore(br);
  var s = document.createElement("span");
  s.appendChild(r.extractContents());
  r.insertNode(s);
}
```

Ukitaka kusoma tu, `r.toString()` inatosha. `extractContents` ni salama kwa kazi hii: elementi iliyomo yote ndani ya mipaka huhamishwa yenyewe, hainakiliwi, kwa hiyo vitufe vyake vinaendelea kuitika.

Yote haya yamo ndani ya kivinjari tayari. Huhitaji kupakia maktaba yoyote, na hilo lina maana kwa msomaji wa Arua au Mbale anayefungua ukurasa wako kwa bando la siku.

Hatua ya 6: Kuondoa ulichoweka

```
s.replaceWith(...s.childNodes);
p.normalize();
```

Usisahau `normalize`. Bila hiyo maandishi yanabaki vipande vilivyokatwa, na ukitafuta tena "4,500 kwa kilo" ndani ya nodi moja hutaipata, ingawa machoni imeandikwa pale pale.