Namna ya kuwachezesha watoto na mbwa wa nyumbani

Mbwa akimbize kitu, asikimbize mtoto. Mtoto anayekimbia huku akipiga kelele humchochea hata mbwa mpole, na meno hufika kisiginoni kabla mtu mzima hajageuka. Ndiyo maana mtu mzima awepo uani muda wote, simu ikae mfukoni.

Kwanza chanjo ya kichaa cha mbwa: mbwa anaanza akiwa na miezi 3, kisha anarudia kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyopanga. Dawa ya minyoo apewe kila miezi 3. Mbwa aliyeshinda kwenye mnyororo atembezwe kama dakika 20 kabla ya kukutanishwa na watoto. Kucheza naye akiwa amefungwa ni hatari zaidi, kwa sababu akichoka hana pa kwenda.

Tafuta mipira 2 ya raba ngumu inayofanana, mikubwa kiasi kwamba haiwezi kupita kooni. Ile ya nailoni wanayojitengenezea watoto haifai. Mbwa huitafuna, akameza, utumbo ukaziba. Kaka arushe, mdogo wake ashike wa pili. Mbwa akirudi asinyang'anywe: aonyeshwe mpira wa pili, atauachia wa kwanza mwenyewe. Kila mtoto arushe mara 3, ampishe mwenzake. Wakigombania zamu, simamisha mchezo, maana makelele yao humpandisha mbwa pia.

Kwa watoto wadogo, kutafuta dagaa ni bora zaidi. Wewe mshike mbwa, wao wafiche dagaa 5 au 6 wakavu wasio na chumvi: nyuma ya ndoo, kando ya kizingiti, chini ya kopo. Warudi kusimama pembeni yako, ndipo umwachie. Mtoto asikimbilie dagaa aliyebaki. Dakika 10 zinatosha, kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, maji yakiwa karibu.

Kumpapasa ni kifuani au begani kwa sekunde 3, kisha mkono uondoke. Akijisogeza mwenyewe, endelea. Kumkumbatia shingoni, hapana, ingawa picha zake hupendeza. Akijilamba midomo bila chakula, akipiga miayo, akigeuza uso au akikakamaa, mchezo umekwisha. Akinguruma asipigwe: atajifunza kung'ata bila kuonya. Akizidisha kurukaruka, mtoto asimame kama mti, mikono imekunjwa, macho kwenye vidole vya miguu. Akila au akilala, aachwe.

Jeraha la meno, hata mkwaruzo, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Mbwa asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe aangaliwe siku 10, lakini sindano ya mtoto ya kuzuia kichaa cha mbwa isisubiri siku hizo ziishe.