Tousle na tussle, usimwambie mgeni upepo umekwidana na nywele zake

Machalii mnaopandisha wageni mlima, haya maneno mawili yashanitia aibu. Tulikuwa kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita 4,600 na ushee, mgeni wangu dada mmoja kavua kofia nywele zote timtim, nikajifanya najua nikamwambia the wind has tussled your hair, alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe.

Ilitakiwa tousled. Tousle ni kutimua nywele, kuzivuruga zikae hovyo, na inatamkwa kama tauzol, s inasikika z halafu hiyo o ya mwisho uiibe tu. Upepo unatimua, mto wa kulalia unatimua, helmeti ya bodaboda ndo usiseme. Hata mkono, mtu akimvurugavuruga mtoto nywele kwa mapenzi ni tousle hiyohiyo, ila mtoto tu jamani, usiende kumfanyia babu wa watu. Shuka au shati lililojikunja, Waingereza wenyewe hupenda kusema rumpled.

Tussle (tasol, s kavu) ni purukushani. Nenda stendi ya Moshi ukute wapiga debe wawili wameshika begi moja la abiria, huyu anavuta huku yule kule, mwenye begi katikati anapiga kelele, hapo ndo penyewe. Unayevutana naye mwekee with, mnachogombania kiwekee over, they tussled over the bag. Na sio lazima mikono, ndugu wakiburuzana mahakamani kisa kihamba (shamba la ukoo) cha marehemu nayo ni tussle. Zikifika ngumi za kutoana meno hiyo ni fight, usiipunguzie makali.

Kuchanganya sio ujinga, ni maneno ya tumbo moja. Zamani Waingereza walikuwa na touse, yani kuvuta au kumshika mtu kwa fujo, wakaibandika -le kuonyesha jambo linarudiwarudiwa, kama sisi tunavyotoa vutavuta kwenye vuta, sasa Waskoti na watu wa kaskazini mwa Uingereza wakaitamka kivyao ikawa tussle, kazi zikagawanyika.

Mimi nashikaga hivi: tousle ina ou ya house, umetoka kuamka nyumbani hujachana. Tussle ina s mbili zimebanana, watu wawili hao wamekabana mashati.

Yule dada mpaka tunashuka Mweka, kila akivua kofia ananiuliza, vipi leo, nani kashinda?