Somo: Kupima thamani ya zamu za drafti kabla ya kubishania biashara za NHL

Wadau wa hoki ya barafuni,

Kila dirisha la biashara (klabu kubadilishana wachezaji na zamu) linapokaribia kufungwa mwezi wa Machi, ubishi ni uleule: "Wametoa raundi ya kwanza, wameibiwa!" Raundi ya kwanza ipi? Zamu ya 3 ni ya raundi ya kwanza, na ya 31 pia ni ya raundi ya kwanza, lakini ukiziweka kwenye mizani moja hazikaribiani hata kidogo. Somo hili linatoa njia ya kuzipima kwa kalamu na kikokotoo cha simu.

Kwa wageni: drafti hapa si ule mchezo wa kete ubaoni. Ni shughuli ya kila mwaka, kwa kawaida mwishoni mwa Juni, ambapo klabu 32 za NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, huchagua vijana kwa zamu. Raundi ni 7, zamu ni 224. Zamu ni mali, na klabu inaweza kuiuza miaka kadhaa kabla haijafika.

Hatua ya 1: Gawanya 100 kwa namba ya zamu

Zamu ya 1 ni pointi 100, ya 5 ni 20, ya 10 ni 10, ya 16 ni 6.25, ya 32 ni 3.1. Katikati ya raundi ya pili (zamu ya 48) ni 2.1, katikati ya raundi ya tatu ni 1.25, ya nne 0.9, na katikati ya raundi ya saba haifiki nusu pointi.

Hii si sheria ya ligi. Ni kipimo cha mkono, lakini kinakaa karibu na soko. Kijaribu kwenye drafti ya 2022: San Jose iliipa Arizona zamu ya 11, ikapokea ya 27, ya 34 na ya 45. Upande mmoja ni 9.1. Upande wa pili ni 3.7 + 2.9 + 2.2 = 8.8. Karibu sawa.

Mwaka 2024 Montréal ilitaka kupanda kutoka 26 hadi 21, ikailipa Los Angeles zamu za 26, 57 na 198. Hapo ni 6.1 kwa 4.8. Tofauti hiyo ni ada ya haraka: anayepiga simu wakati saa ya drafti inakimbia ndiye anayelipa zaidi, kwa sababu ameshaonyesha kwamba kuna kijana anamtaka.

Kipimo hiki huvimba pale juu kabisa, kati ya zamu ya 1 na ya 4. Mara ya mwisho zamu namba 1 kuuzwa ilikuwa 2003, Florida walipoipa Pittsburgh zamu za 1 na 73 kwa zamu za 3 na 55 pamoja na Mikael Samuelsson. Kwa hesabu yetu Florida walipunjwa vibaya. Kwa zamu nne za mwanzo, basi, angalia majina ya vijana wa mwaka huo kwanza, namba baadaye.

Hatua ya 2: Kama bahati nasibu haijachezwa, usiandike namba ya msimamo

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Zamu za mwanzo huamuliwa kwa bahati nasibu kati ya klabu 16 zilizokosa mtoano, na nafasi zao huhesabiwa kuanzia mkiani: mwenye mkia ni nafasi ya 1. Klabu iliyoshika mkia haina zamu namba 1. Ina nafasi ya asilimia 25.5 ya kuipata, asilimia 18.8 ya kupata ya 2, na asilimia 55.7 ya kuangukia ya 3. Piga hesabu: 25.5 + 9.4 + 18.6 = 53.5. Zamu ya mwenye mkia kabla ya bahati nasibu ni pointi 53, si 100.

Asilimia 25.5 inatoka wapi ilhali droo ya kwanza inampa 18.5 tu? Kanuni inasema klabu haiwezi kupanda zaidi ya nafasi 10. Wale walio nafasi ya 12 hadi 16 wakishinda droo ya kwanza hawafiki namba 1, kwa hiyo namba 1 inabaki kwa mwenye mkia. Asilimia zao 7 zinaongezwa kwake.

Kinyume chake, klabu ya nafasi ya 10 ina zaidi ya pointi 10, kwa sababu ndani ya zamu yake kuna tiketi ya bahati nasibu. Mwaka 2025 New York Islanders walikuwa nafasi hiyo, wana asilimia 3.5 tu, wakashinda na kumchagua Matthew Schaefer.

Hatua ya 3: Zamu ya mwaka ujao, andika hali tatu

Usiseme "hii timu ni nzuri, itakuwa zamu ya 24". Andika hali ya kawaida, hali mbaya na hali ya balaa. Kwa klabu iliyozoea kuingia mtoano mimi huanza hivi:

- zamu ya 24, uwezekano asilimia 50: pointi 2.1
- zamu ya 13, asilimia 30: pointi 2.3
- zamu ya 5, asilimia 20: pointi 4

Jumla 8.4. Punguza asilimia 15 kwa kila mwaka wa kusubiri, na kwa mwaka mmoja unabaki na 7.1. Linganisha na 4.2 ya yule aliyesema "zamu ya 24 tu". Angalia pia kwamba karibu nusu ya thamani yote imo kwenye balaa. Klabu yenye makipa wakongwe na mikataba mirefu ya wachezaji wa miaka 33, iongezee asilimia za balaa.

San Jose ndio mfano wa kukumbuka. Septemba 2018 walimchukua Erik Karlsson kutoka Ottawa, na ndani ya malipo kulikuwa na zamu yao ya raundi ya kwanza. Msimu wa kwanza walifika nusu fainali ya Kombe la Stanley. Msimu uliofuata wakaporomoka, na zamu ya 2020 ikaangukia namba 3. Ottawa wakamchagua Tim Stützle.

Hatua ya 4: Soma kinga hadi mstari wa mwisho

"Kinga ya kumi bora" maana yake zamu ikiangukia 1 hadi 10 mwenyewe anaizuia. Swali la kuuliza ni: baada ya hapo inakwenda wapi? Mara nyingi deni linahamia mwaka unaofuata bila kinga yoyote, na klabu mbovu mwaka huu inaweza kuwa mbovu zaidi mwaka ujao.

Novemba 2017 Ottawa walimchukua Matt Duchene kutoka Colorado kwa zamu ya namna hiyo. Zamu ya 2018 ikaangukia namba 4, wakaizuia na kumchagua Brady Tkachuk. Deni likahamia 2019. Ottawa wakamaliza wa mwisho katika ligi nzima, na Colorado wakapata zamu ya 4 (kwa kanuni za wakati huo mwenye mkia aliweza kuanguka hadi ya 4), wakamchagua Bowen Byram. Kinga iliokoa Tkachuk, haikufuta deni.

Hatua ya 5: Mweke mchezaji kwenye mizani ileile

Huna haja ya kubuni bei ya mchezaji. Tafuta biashara mbili tatu za wachezaji wa umri, nafasi na mkataba unaofanana, uzigeuze kuwa pointi.

Juni 2025 Noah Dobson, beki wa miaka 25, alikwenda Montréal kwa zamu za 16 na 17 pamoja na mshambuliaji Emil Heineman. Zamu peke yake ni 12.1. Julai 2022 Alex DeBrincat, miaka 24 na mabao 41 msimu uliotangulia, alikwenda Ottawa kwa zamu za 7 na 39 na raundi ya tatu ya 2024. Hiyo ni 14.3 + 2.6 + 0.9 (1.25 iliyopunguzwa kwa miaka miwili ya kusubiri), yaani karibu 18.

Sasa fuata mkataba. DeBrincat alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja, na ofa ambayo klabu ingelazimika kumpa baada ya hapo ili ibaki na haki zake ilikuwa dola milioni 9. Mwaka mmoja baadaye, bila mkataba mrefu, Ottawa wakamwachia Detroit kwa raundi ya kwanza yenye masharti, raundi ya nne, Dominik Kubalik na kijana Donovan Sebrango. Zamu zilishuka kutoka 18 hadi karibu 5. Umri wake ulikuwa bado mzuri. Kilichoisha ni muda wa mkataba, na kila klabu ilijua Ottawa lazima iuze.

Ndiyo maana kila jina liandikie miaka iliyobaki, dola kwa mwaka, na kama ana kipengele cha kukataa kuhamishwa. Mwenye kipengele kamili huchagua klabu mwenyewe, na mnada wa klabu moja si mnada.

Hatua ya 6: Nafasi chini ya kikomo cha mishahara nayo ni bidhaa

Kikomo ni jumla ya mishahara ambayo klabu hairuhusiwi kuizidi. Juni 2019 Toronto walitaka kumwondoa mchezaji Patrick Marleau, dola milioni 6.25 kwa mwaka mmoja. Waliwalipa Carolina raundi ya kwanza ya 2020 yenye kinga ya kumi bora, pamoja na raundi ya saba, na wenyewe wakapata raundi ya sita. Zamu ikaangukia 13, Carolina wakamchagua Seth Jarvis.

Bei hiyo usiitumie leo bila kuirekebisha. Kikomo kilikuwa dola milioni 88 msimu wa 2024-25, kikapanda hadi 95.5 msimu uliofuata, na Januari 2025 ligi ilitangaza 104 na 113.5 kwa misimu miwili ya mbele. Klabu nyingi zina nafasi, hivyo bei ya kumwondoa mchezaji imeshuka. Pima mkataba kwa asilimia ya kikomo: milioni 9.5 za Dobson ni asilimia 9.9 ya 95.5, lakini ni 8.4 tu ya 113.5.

Anayeuza anaweza pia kubeba hadi nusu ya mshahara. Asilimia ikishapangwa inadumu hadi mkataba uishe, na klabu haiwezi kubeba mikataba zaidi ya mitatu kwa wakati mmoja. Ikiwa nafasi ya tatu imeshatumika, hiyo njia imefungwa, na wengi hupanga biashara za mtandaoni bila kuliangalia hilo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, kama zamu ya 58 ni pointi 1.7, mbona nyota Nikita Kucherov alichaguliwa hapo mwaka 2011? Na Datsyuk alikuwa wa 171!

Jibu: Ongeza na Lundqvist wa 205 mwaka 2000. Unawajua kwa majina kwa sababu ni wachache. Mwaka 2011 kulikuwa na zamu nyingine nyingi jirani na ya 58 ambazo hukumbuki nani alichaguliwa. Pointi 1.7 ni bei ya tiketi, si bei ya mshindi. Ukishajua jina, futa namba: Logan Stankoven alichaguliwa wa 47 mwaka 2021, lakini Machi 2025 yeye ndiye aliyekuwa mzigo mkuu Dallas walipomchukua Mikko Rantanen kutoka Carolina. Raundi mbili za kwanza (2026 na 2028) na mbili za tatu, kwa hesabu ya hatua ya 3, ni pointi 14 hivi. Thamani iliyobaki yote ilikuwa ni Stankoven.

Swali: Ndugu mwandishi, nikitoa raundi ya pili nne napata pointi 8.4. Kwa nini siwezi kupata zamu ya 12?

Jibu: Kwa sababu klabu ina ukomo wa mikataba 50, na kila kijana anahitaji dakika za kucheza na kocha wa kumfuatilia. Vipande vingi vikibadilishwa na kimoja, anayepokea vipande hudai nyongeza. Hizo nne zitakufikisha karibu na zamu ya 15 au 16 ukimpata muuzaji.

Swali: Biashara ya 2009, Toronto walipomchukua Phil Kessel kutoka Boston kwa zamu za drafti, kila mtu anaicheka Toronto. Lakini Kessel alifunga mabao 30 au zaidi misimu 4 akiwa nao. Si haki yao?

Jibu: Mchezaji alikuwa mzuri, kosa lilikuwa kwenye hatua ya 3 na ya 4. Toronto hawakuwa wameingia mtoano tangu 2004, wakatoa raundi mbili za kwanza na moja ya pili bila kinga. Zikawa zamu za 2, 9 na 32, yaani Tyler Seguin, Dougie Hamilton na Jared Knight: pointi 64. Boston nao waliwauza Seguin (2013) na Hamilton (2015), kwa hiyo hawakuvuna kila kitu. Hilo halibadilishi bei ya siku ile. Klabu iliyo chini ya msimamo haiuzi zamu yake bila kinga.

Swali: Je, zamu zinazotolewa kama fidia ya ofa kwa mchezaji wa klabu nyingine zinapimwa vilevile?

Jibu: Vilevile, ila lazima ziwe zamu zako mwenyewe za asili, si ulizonunua. Agosti 2024 St. Louis walilazimika kwanza kuirudisha zamu yao ya raundi ya pili ya 2025 kutoka Pittsburgh ndipo wampe ofa Philip Broberg wa Edmonton. Edmonton walikuwa na siku 7 za kulingana na ofa, wakaacha. Broberg akagharimu raundi ya pili, na Dylan Holloway, naye wa Edmonton, ya tatu. Jumla ni pointi 3.3 hivi kabla ya punguzo la kusubiri, na Holloway akamaliza msimu na pointi 63 za uwanjani (mabao na pasi za mabao).

Swali: Zamu ikiuzwa mara nyingi, naifuata vipi nisipotee?

Jibu: Iite kwa jina la klabu ya asili na mwaka, kamwe si kwa jina la mmiliki wa sasa. "Boston 2024 raundi ya kwanza" ilikwenda Detroit kwa Tyler Bertuzzi, Detroit wakaipeleka Ottawa kwa DeBrincat, Ottawa wakairudisha Boston kwa kipa Linus Ullmark. Ikawa zamu ya 25, na Boston wenyewe wakamchagua Dean Letourneau. Namba hutokana na msimamo wa Boston, hata kama tiketi iko mfukoni mwa Ottawa.