Kutia rangi mafuta ya kwenye tishu kwa Oil Red O, hatua kwa hatua

Rangi nyingi za maabara hushika tishu kwa mvutano wa chaji: chanya hufuata hasi. Oil Red O, rangi nyekundu ya kuonyesha mafuta, haifungamani na kitu, inahama tu. Ndani ya alkoholi iliyozimuliwa kwa maji inayeyuka kwa shida, kwa hiyo ikikuta tone la mafuta inaingia humo na kubaki. Ukishika jambo hilo moja, kila hatua iliyo hapa chini itajieleza. Sudan III na Sudan IV, rangi nyingine za mafuta, hufuata kanuni hiyohiyo, lakini wekundu wa Oil Red O umekolea zaidi na unaonekana hata kwenye matone madogo, ndiyo maana naipendelea.

1. Kata tishu iliyogandishwa

Usipitishe sampuli kwenye parafini, yaani nta ya kushikilia tishu wakati wa kukata. Alkoholi na zailini za kuandalia bloku huyeyusha mafuta, nawe utabaki kutazama matundu matupu. Tumia kriostati (mashine ya kukatia tishu ndani ya baridi), karibu nyuzi -20 za Selsiasi, unene wa mikromita 8 hadi 10. Tishu yenye mafuta mengi huhitaji baridi kali zaidi, la sivyo inakuwa laini na kukunjamana kwenye kisu.

Acha vipande vikauke juu ya slaidi, viimarishe kwa formalini ya asilimia 10 kwa dakika 10, kisha suuza kwa maji. Asetoni na methanoli zisitumike hapa: nazo huondoa mafuta.

2. Andaa akiba ya rangi

Gramu 0.5 za Oil Red O kwa mililita 100 za isopropanoli (aina ya alkoholi) ya asilimia 99. Pasha kwenye beseni la maji moto, kamwe si kwenye moto wa wazi, kisha iache hadi kesho yake. Ndani ya chupa iliyofungwa vizuri hukaa miezi.

3. Zimua na uchuje

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo nenda taratibu. Changanya mililita 30 za akiba na mililita 20 za maji yaliyokenekwa. Sasa una isopropanoli ya takriban asilimia 60, na rangi iliyomo imefikia ukomo wa kuyeyuka. Hali hiyo ndiyo inayoisukuma kuingia kwenye mafuta, na ndiyo hiyohiyo inayoifanya ijitenge na kuwa chembe nyekundu. Iache dakika 10, ichuje kwa karatasi ya kuchujia, na uitumie papo hapo. Mimi huimwaga baada ya saa moja au mbili hata kama imebaki nyingi. Chombo kiwe na kifuniko muda wote, kwani isopropanoli ikiruka, uwiano wa maji unapanda na chembe zinaanza kudondoka juu ya tishu.

4. Tia rangi

Chovya slaidi kwenye isopropanoli ya asilimia 60 kwanza, ili maji yaliyobaki yasiivuruge rangi. Iweke kwenye rangi dakika 10 hadi 15. Suuza tena kwa isopropanoli ya asilimia 60, sekunde chache tu hadi eneo lisilo na mafuta liwe safi. Ukizidisha, rangi itaanza kutoka ndani ya matone yenyewe. Kisha maji, hematoksilini kwa dakika moja hivi ili viini vya seli vionekane buluu, na maji tena.

Funika kwa jeli ya gliserini. Gundi zenye zailini zitayeyusha kila ulichokipata. Usikandamize kioo cha kufunikia: matone yatasogea na kuungana, na ukubwa unaoupima hautakuwa tena wa kweli.

5. Slaidi za kulinganishia

Weka moja yenye mafuta ya uhakika, na nyingine uliyoilowesha kwenye mchanganyiko wa kloroformu na methanoli, 2 kwa 1, kabla ya rangi. Fanya hivyo ndani ya kabati la kufyonza mvuke, ukiwa na glavu. Wekundu ukionekana pia kwenye hii ya pili, usiuamini kwenye zile nyingine.

6. Soma

Mafuta huonekana kama matone ya mviringo ndani ya seli. Chembe za rangi zina kona, huelea juu ya tishu, na hukulazimu kusogeza lenzi ili zionekane wazi. Oil Red O hudaka trigliseridi (mafuta ya kawaida ya akiba) na esta za kolesteroli zilizo katika hali ya umajimaji. Fuwele za kolesteroli haziingii, na fosfolipidi, mafuta ya kwenye utando wa seli, hushika kidogo mno. Ukitafuta fosfolipidi, jaribu rangi ya Sudan Black B.

Kwa seli zilizokuzwa kwenye sahani ya plastiki yenye visima unaweza pia kupima kiasi: baada ya kusuuza na kukausha, toa rangi kwa isopropanoli tupu na usome ufyonzaji wa mwanga karibu na nanomita 510. Pima pia kisima kisicho na seli kilichopitia hatua zote, kwa sababu plastiki nayo hubakiza rangi. Slaidi zipige picha siku hiyohiyo au kesho yake; zikikaa, chembe huongezeka na matone huanza kuvuja.